Mguu Umepona, Figo Je?

Mazungumzo ya leo yanahusu figo, ila itanibidi nianze na nyoka.

Ukishika barabara ya Kapsoit kwenda Sondu, hapa kwetu Kericho, Sigowet unaifikia ukiwa bado kwenye mashamba ya chai. Asubuhi kuna baridi, ukungu unachelewa kuondoka, na wachumaji wameshaingia shambani na vikapu vyao mgongoni. Ukiendelea kuteremka kuelekea Kaplelartet, Soliat na Soin, chai inapungua, mahindi na miwa vinachukua nafasi yake, na joto la bonde la Nyando linakupokea. Eneo bunge ni moja, lakini kuna mashamba ya kila namna, na katika mashamba hayo yote nyoka wapo. Sisi tuliozoea baridi hujifariji kwamba nyoka wa kuua ni habari ya Baringo, ya Turkana au ya Pwani. Hata vitabu vya utafiti vinatusaidia kujifariji hivyo. Mwaka 2018 watafiti wa humu nchini walichapisha hesabu ya watu walioumwa na nyoka na kutibiwa katika hospitali nne: Kakamega, Kabarnet, Kapenguria na Makueni. Ilikuwa kazi nzuri na ya lazima. Kericho na Bomet hazikuwamo. Nami nasema eneo lisilohesabiwa ni vigumu kupangiwa dawa, na likikosa kupangiwa dawa, mgonjwa wake anaweza kufika hospitali akakuta kabati tupu.

Sasa tuseme mama mmoja anachuma majani jioni, au anapalilia mahindi, au ameenda kuokota kuni kando ya mto. Anakanyaga kitu, anasikia kuchomwa kifundoni. Anapiga kelele, watu wanakuja. Mmoja anafungua leso amfunge mguu kwa nguvu zake zote. Mwingine anatafuta wembe. Mzee anaagizwa alete dawa ya mitishamba. Kijana amechukua panga, anamsaka nyoka kwenye majani. Mguu unavimba hadi gotini, kisha hadi pajani, ngozi inang'aa, malengelenge yanatokea. Kila mgeni anayekuja kumjulia hali anaangalia mguu. Siku ya tatu au ya nne uvimbe unaanza kushuka, watu wanamshukuru Mungu, mama anaambiwa amepona. Katika siku hizo zote hakuna aliyemuuliza swali moja dogo: mama, umekojoa?

Najua swali hilo linatia haya. Mkwe hawezi kumuuliza mama mkwe wake, na kijana hawezi kumuuliza mzee aliye rika la baba yake. Lakini binti anaweza, mke anaweza, mume anaweza, muuguzi anapaswa. Sumu ya nyoka ikishaingia kwenye damu huzunguka mwili mzima, na figo ni miongoni mwa viungo vinavyoipokea kwa wingi, kwa sababu karibu sehemu moja kati ya tano ya damu inayosukumwa na moyo hupitia kwenye figo. Figo moja ni ukubwa wa ngumi ya mwenyewe. Ndani yake kuna vichujio vidogo vinavyokaribia milioni moja. Figo mbili huchuja majimaji yapatayo lita 180 kwa siku, karibu yote yakarudishwa mwilini, kisha lita moja na nusu hivi ikatoka kama mkojo. Kazi hiyo inafanyika bila wewe kusikia lolote. Tena hata ikisimama unaweza usisikie lolote kwa muda, kwa maana figo inayokufa kwa sumu mara nyingi haipigi kelele ya maumivu.

Inakufaje? Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu mtu akielewa hili, mengine yote nitakayosema yatamwingia.

Ule mguu uliovimba, ambao kila mtu anautazama, umejaa majimaji na damu vilivyovuja kutoka kwenye mishipa. Sumu ya nyoka kama moma, yule mnene, mvivu, anayelala njiani, hutoboa kuta za mishipa midogo. Kinachovujia mguuni kimepungua kwenye mzunguko. Presha inashuka. Mwili ukikosa damu ya kutosha, hulinda ubongo na moyo kwanza, nazo figo hupunguziwa. Figo ikikaa saa kadhaa bila damu ya kutosha, vichujio na mirija yake huanza kufa. Kwa hiyo uvimbe wa mguu na kukauka kwa mkojo ni ugonjwa uleule mmoja unaoonekana katika sehemu mbili.

Njia ya pili ni damu. Baadhi ya sumu huifanya damu ijigandishe ovyo ndani ya mishipa hadi ile akiba ya kugandisha ikaisha. Hapo mgonjwa anatoka damu kwenye ufizi, puani, kwenye majeraha ya zamani, kwenye alama za sindano. Wakati huohuo vipande vidogo vya damu iliyoganda vinaziba mishipa myembamba ya figo, na chembe nyekundu zinazolazimika kupita hapo zinachanika. Njia ya tatu ni misuli. Sumu ikiozesha misuli, au kamba iliyofungwa kwa nguvu ikiinyima misuli damu, misuli hiyo humwaga kwenye damu kitu kiitwacho mayoglobini. Kikifika kwenye figo huganda katika mirija na kuiziba. Hapo ndipo mkojo unapotoka na rangi ya strungi, ile chai isiyo na maziwa. Na kuna sumu zinazoshambulia figo zenyewe moja kwa moja. Mgonjwa mmoja anaweza kupatwa na yote haya kwa pamoja, ndiyo maana huwezi kumtazama usoni ukasema figo zake ni salama.

Kisa kinachoeleza jambo hili kuliko vingine vyote ninavyovijua kilitokea mbali sana na hapa, ingawa nyoka alikuwa wa Afrika. Mwaka 1957, mjini Chicago, Marekani, bustani ya wanyama ilipokea nyoka mchanga ambaye hawakuwa na hakika naye. Wakampeleka kwa Karl Schmidt, mtaalamu wa nyoka aliyefanya kazi miaka mingi katika jumba la makumbusho la Field, mtu wa miaka 67. Tarehe 25 Septemba, alipokuwa akimkagua, nyoka akamuuma kwenye kidole gumba. Jino lililoingia lilikuwa moja tu, na halikuingia sana. Alikuwa boomslang, nyoka wa mitini mwenye macho makubwa, ambaye anapatikana pia humu Kenya. Wakati ule wengi walidhani nyoka wa namna hiyo, mwenye meno ya sumu nyuma ya kinywa, hawezi kumuua mtu mzima. Schmidt alirudi nyumbani na kuanza kuandika anavyojisikia, saa baada ya saa, kama mwanasayansi. Aliandika kuhusu kichefuchefu, homa, damu kwenye ufizi. Usiku wa manane akaandika kwamba amekojoa kidogo, na sehemu kubwa ilikuwa damu.

Asubuhi akajisikia nafuu. Akala kiamshakinywa. Akapiga simu kazini. Baada ya chakula cha mchana akatapika, akaanza kukosa pumzi, na alasiri ya tarehe 26 akafariki. Uchunguzi wa maiti ulikuta damu imevujia kwenye mapafu, kwenye figo, kwenye moyo na kwenye ubongo.

Nimekisimulia kirefu kwa sababu ya ile asubuhi ya nafuu. Huyu alikuwa mjuzi wa nyoka kuliko karibu kila mtu duniani wakati wake, na bado nafuu ile ilimdanganya. Mkojo ulikuwa umeshamwambia ukweli saa nyingi kabla. Je, mchumaji majani wa Sigowet ambaye kidole chake kina alama ndogo tu, bila uvimbe wa maana, atajuaje? Sumu ya boomslang inaweza kuchukua siku nzima au zaidi kabla damu haijaanza kutoka. Mtu anarudi shambani, anapika, anakamua ng'ombe, huku damu yake ikiendelea kupoteza uwezo wa kuganda.

Nisiwatie hofu bure. Nyoka wengi wa kijani mnaowaona kwenye ua na kwenye chai hawana madhara yoyote kwa binadamu, na boomslang mwenyewe ni mwoga. Mara nyingi huuma mtu aliyemshika au aliyemkamata pamoja na tawi. Swila naye, yule anayetema mate, sumu yake huozesha nyama na kuumiza macho. Mtu aliyetemewa asafishe jicho kwa maji mengi mara moja. Wanaonipa wasiwasi zaidi kwa upande wa figo ni moma, kwa sababu yuko kila mahali kuanzia kwenye miwa hadi pembeni mwa chai, na huyo wa mitini kwa sababu ya ukimya wake.

Sasa tuje kwenye jambo linaloniuma. Mtu ameumwa, ana maumivu makali, anapelekwa kwenye duka la dawa lililo karibu. Anapewa nini? Mara nyingi ni sindano ya diklofenaki kwenye tako, na tembe za Brufen za kwenda nazo nyumbani. Anayezitoa anataka kusaidia. Lakini dawa za jamii hiyo hupunguza damu inayoingia kwenye figo. Mtu mzima mwenye afya anazivumilia. Mtu ambaye presha yake inashuka, misuli yake inaoza na figo zake zinanyimwa damu hana nafasi ya kuvumilia chochote. Zaidi ya hayo, dawa hizo huongeza kutokwa na damu, na sindano yoyote ya kuchomwa kwenye msuli wa mtu ambaye damu yake haigandi inaweza kusababisha damu ivujie ndani ya tako na kujaa humo. Kwa maumivu ya kuumwa na nyoka, mpe mgonjwa paracetamol, Panadol ya kawaida, kisha aende hospitali ambako watajua la kuongeza. Ewe ndugu yangu mwenye duka la dawa pale sokoni, kama ungefanya jambo moja tu baada ya kipindi hiki, ningekuomba liwe hilo.

Na mitishamba? Wazee wetu wana maarifa ambayo siyadharau. Mimi mwenyewe nimelelewa na dawa za miti. Hata hivyo, mchanganyiko wa mizizi anaonyweshwa mtu ambaye figo zake zinatatizika unaweza kuzimaliza, kwa kuwa kila anachokunywa hupitia hukohuko. Utafiti uliofanywa Kilifi na kuchapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba wengi wa walioumwa na nyoka walikwenda kwa mganga kwanza, na sidhani sisi huku tuna tofauti kubwa. Basi namwomba mganga awe mshirika: asimkate kwa wembe, asimnyweshe, asimfunge kamba, amtulize mgonjwa kwa maneno yake ambayo watu wanayaamini, kisha atafute gari. Jiwe jeusi la kunyonya sumu nalo halinyonyi kitu. Linaiba muda tu.

Mgonjwa akishafika kituo cha afya, kuna kipimo ambacho hakihitaji umeme wala mashine, na ningependa kila mwananchi akijue ili aweze kukiulizia kwa heshima. Muuguzi huchukua mililita mbili za damu kutoka kwenye mshipa na kuzitia katika chupa ndogo ya kioo, mpya, safi na kavu. Iwe ya kioo, maana ya plastiki inaweza kutoa jibu la uongo. Wala isiwe imeoshwa kwa sabuni, kwa sababu hata mabaki kidogo ya sabuni huvuruga matokeo. Chupa inawekwa wima mezani, haiguswi, haitikiswi. Dakika 20 zikiisha, inainamishwa mara moja. Damu ya mtu mzima wa afya itakuwa imeshikamana chini, haiendi popote. Damu iliyoshikwa na sumu itateremka upande wa kioo ikiwa majimaji. Ukiona hivyo, hakuna haja ya kubishana nyoka alikuwa wa rangi gani. Mgonjwa huyo yuko hatarini, na figo zake pia.

Kipimo hicho kinarudiwa. Mara ya kwanza inaweza kuwa mapema mno. Tena baada ya kupewa dawa ya kuzuia sumu, kinafanywa saa sita baadaye, kwa kuwa ini huhitaji muda kama huo kutengeneza upya vitu vya kugandisha damu. Mwongozo wa kutibu walioumwa na nyoka uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2019 upo. Chupa za kioo si ghali. Kinachohitajika ni mtu wa zamu aliyeelekezwa, na saa ya ukutani inayofanya kazi.

Kipimo cha pili mnaweza kukifanya wenyewe, nyumbani au wadini, kwa chupa ya plastiki ya soda ya nusu lita. Mgonjwa akojoe humo au kwenye chombo kisha mmimine humo. Mtu mzima ambaye mkojo wake wa saa 24 haujai chupa hiyo anatia wasiwasi, na ukiwa chini ya mililita 400 hiyo ni dalili ya hatari. Kwa mtu wa kilo 60, hospitali hutarajia angalau mililita 30 kila saa. Angalieni na rangi: mwekundu, wa kahawia iliyokolea, au ule wa strungi niliousema. Andikeni saa na kiasi kwenye karatasi, hata nyuma ya risiti ya duka. Daktari akipewa karatasi ya namna hiyo atawaheshimu, na itamsaidia kuliko maelezo ya watu watano wanaosema kwa pamoja. Baadaye dalili nyingine huja: uso kuvimba asubuhi, kichefuchefu kisichoisha, kwikwi, kukosa pumzi anapolala chali, kuchanganyikiwa. Hapo potasiamu inaweza kuwa imepanda kwenye damu, na potasiamu ikipanda sana husimamisha moyo bila kubisha hodi. Msisubiri kufika huko.

Watu huniuliza, je, dawa ya nyoka si ipo? Antivenomu ipo, na imekuwapo tangu Mfaransa Albert Calmette alipoanza kuitengeneza miaka ya 1890. Hutengenezwa kwa kumpa farasi sumu kidogo kidogo hadi damu yake ikajenga kinga, kisha kinga hiyo ikatolewa na kusafishwa. Ni dawa kubwa. Inaishika sumu inayozunguka kwenye damu na kuizuia isiendelee kuharibu. Ila kichujio cha figo kilichokwisha kufa haikifufui, ndiyo maana saa za mwanzo zina thamani kubwa hivyo. Mtoto naye hupewa kiasi kilekile anachopewa mtu mzima, kwa sababu nyoka hakumpunguzia sumu kwa kuwa ni mdogo. Wazazi msishtuke mkiona chupa zilezile nyingi zikiingia kwa mtoto.

Shida iko kwenye upatikanaji. Kampuni ya Sanofi Pasteur ya Ufaransa ilikuwa ikitengeneza FAV-Afrique, dawa iliyotegemewa sana barani. Ikaacha kuitengeneza mwaka 2014, kwa sababu haikuona faida, na chupa za mwisho zikapitwa na wakati Juni 2016. Madaktari wa MSF, yaani Madaktari Wasio na Mipaka, walipaza sauti mapema, mwaka 2015, kwamba watu watakufa. Pengo lile likajazwa na dawa za aina nyingi, na watafiti walipozipima baadhi ya zile zinazouzwa Afrika Mashariki dhidi ya sumu za nyoka wetu, wakakuta nyingine ni dhaifu sana. Hilo lilichapishwa mwaka 2017. Na kwa boomslang, antivenomu za kawaida za Afrika hazifanyi kazi. Yake hutengenezwa peke yake huko Afrika Kusini. Hapa kwetu, Taasisi ya Utafiti wa Nyani iliyoko Karen, Nairobi, ina kituo cha utafiti wa nyoka kinachoshirikiana na wenzao wa Liverpool, Uingereza, na miongoni mwa malengo yao ni kupata dawa bora kwa nyoka wa Kenya. Nawaombea wafanikiwe, tena nawaomba viongozi wa kaunti wawaulize wanahitaji nini.

Figo zikishasimama, kinachobaki ni mashine ya kusafisha damu. Hapa nina habari njema ambazo watu hawazijui. Kabla ya mwaka 2015, mgonjwa wa hapa aliyehitaji mashine hiyo mara nyingi alilazimika kusafirishwa mbali. Mwaka huo serikali ilianza mpango wa kukodi vifaa kwa ajili ya hospitali za kaunti, na leo hospitali ya rufaa ya Kericho ina kitengo cha figo, Longisa kule Bomet ina chake, na Tenwek pia wanaifanya kazi hiyo. Kutoka Sigowet hadi Kericho ni safari ambayo hata matatu ya kawaida huimaliza.

Lakini watu wanaiogopa mashine. Wanasema ukishaingia hutoki, kwamba damu ikizoea kusafishwa haitaki tena figo. Nimesikia familia ikikataa kabisa, na walikuwa watu wenye akili zao, wanaompenda mgonjwa wao. Wametazama wagonjwa wa kisukari na wa presha ambao figo zao zimekufa polepole kwa miaka, ambao kweli huenda kwenye mashine kila wiki maisha yao yote, wakadhani kila mgonjwa wa figo ni hivyo. Aliyeumwa na nyoka yuko katika hali nyingine. Figo zake zimepigwa ghafla, na kwa wengi zinaweza kujijenga upya katika wiki chache, mradi mtu mwenyewe awe hai wakati zinajijenga. Mashine inashika zamu yao kwa muda huo. Wapo wachache ambao sehemu ya nje ya figo imekufa kabisa, hao huenda wasirudi kama zamani, na ni lazima familia iambiwe ukweli. Kukataa mashine kwa kumwogopea yule wa wachache ni kumnyima nafasi yule wa wengi.

Wenzetu wa Asia wameishi na jambo hili kwa muda mrefu. India, Sri Lanka na Myanmar wana nyoka aitwaye Russell, anayejificha kwenye mashamba ya mpunga, na sumu yake inasifika vibaya kwa kuharibu figo. Hospitali zao za vijijini zimejifunza kuuliza habari za mkojo tangu mgonjwa anapopokewa mlangoni. Nilisoma kwamba Myanmar walijaribu hata kuwapa wakulima wa mpunga viatu vya buti vyepesi, waone kama watakubali kuvivaa shambani. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017, na mwaka 2019 likatoa mpango wa kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu kufikia 2030. Linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani. Mwaka 2030 si mbali.

Kwetu, gambuti zinafanya kazi kubwa. Wachumaji wengi huzivaa asubuhi kwa sababu ya umande kisha huzivua jua likiwaka, na huo ndio wakati nyoka anatoka kuota jua. Zibakizeni miguuni. Usiku shikeni tochi hata kama choo ni hatua kumi kutoka mlangoni. Mahindi yakihifadhiwa vizuri panya hupungua, na panya wakipungua nyoka hawana la kufuata ndani ya nyumba.

Nyoka akishauma, mtoe mtu pete, bangili na viatu kabla uvimbe haujafika. Mguu au mkono utulizwe kwa fito na leso bila kukazwa, na asitembee. Bodaboda inafaa kama hakuna gari, mgonjwa akae katikati na mtu wa kumshika nyuma. Piga picha ya nyoka ikiwa yuko wazi na uko mbali. Kama ameshaingia majanini, mwacheni, maana aliyemfuata na panga anaweza kuwa mgonjwa wa pili. Andika saa. Na kabla hujaondoka nyumbani, beba ile chupa ya soda.

Mwisho kabisa, siku ya kuruhusiwa kutoka hospitali. Mguu umeshuka, mgonjwa anataka kwenda kwake, majani yanaiva na bonasi haingoji mtu. Ombeni kipimo cha kreatinini, kile kinachoonyesha figo zinavyosafisha damu, kabla ya kutoka, na muulize namba ilikuwa ngapi siku ya kwanza na ni ngapi leo. Ikiwa ilipanda, rudini apimwe tena wiki inayofuata, halafu baada ya miezi mitatu, pamoja na presha na protini kwenye mkojo. Katika muda huo asinywe Brufen hata kwa maumivu ya kichwa. Mwambieni muuguzi awaandikie namba hizo kwenye kadi, na wahudumu wa afya ya jamii mnaotusikiliza, kadi hiyo muiombe mnapopita kwenye boma.